Bruchi na loketi zenye picha za askari: namna ya kukagua, kufungua na kutunza

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimenunua bruchi yenye picha ya askari, ni ya vita gani?" "Kioo nakifunguaje?" "Ndani kumeingia ukungu, nioshe?" Na kuna lile linaloulizwa baada ya mambo kuharibika: "Nimepangusa picha kwa kitambaa, sura imefutika, inarudije?" Hairudi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kukuzuia usifike hapo.

Tunazungumzia mapambo waliyovaa wake, mama na wachumba wa wanajeshi: bruchi (pambo la kubana nguoni kwa pini) na loketi (kidani kinachofunguka) za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865), na zile za Marekani na Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Siku hizi zinauzwa mitandaoni na kwenye minada ya vitu vya kale, na wengi wanaozinunua hawajawahi kushika picha ya bati maishani mwao.

Shika jambo moja kabla ya yote: pambo na picha ni vitu viwili, kila kimoja na umri wake. Picha ya askari hupandisha bei, kwa hiyo bruchi ya kawaida ya maombolezo huweza kuozeshwa, yaani kutiwa picha ya askari isiyokuwa yake, na muuzaji wiki iliyopita. Kazi yako kubwa ni kujua ndoa hiyo ilifungwa lini. Kusafisha ni kazi ndogo na huja mwisho.

Vitu vya kuandaa

- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10
- Tochi ndogo yenye mwanga mweupe, na tochi ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365
- Sumaku ndogo yenye nguvu, imefungwa kwenye uzi wa sentimita 20 hivi
- Glavu za nitrili; za pamba hunasa kwenye pini na kwenye kingo
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, kama ya wasafisha kamera
- Brashi laini ya kuchorea, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi
- Vijiti vya meno vya mti au mwanzi
- Rula au kalipa ya milimita
- Maji yaliyokenekwa, ya famasi. Usichukue "maji ya betri": kwenye maduka mengine jina hilo ni la tindikali
- Sinia yenye ukingo, umetandikwa kitambaa cheupe
- Karatasi isiyo na asidi na mifuko ya polithini
- Simu yenye kamera nzuri, daftari na penseli

Dawa ya kung'arishia fedha, spiriti, gundi na bisibisi viache kabatini. Na usimpelekee sonara bado. Sonara hodari hupasha moto, huchovya kwenye tindikali na kung'arisha. Pete itatoka mpya, picha itatoka majivu.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kufanya lolote

Weka pambo juu ya sinia. Piga mbele, nyuma, pande zote, bawaba, pini na alama yoyote iliyogongwa. Pima urefu, upana na unene, uandike. Kama kuna nywele chini ya kioo cha upande wa pili, piga na hizo. Bruchi nyingi za karne ya 19 huzunguka kwenye ekseli, picha upande mmoja na kifundo cha nywele za mpendwa upande mwingine. Pambo likiachana vipande mkononi, picha hizi ndizo zitakazokuonyesha kipi kilikaa wapi.

Hatua ya 2: Tambua aina ya picha bila kufungua

Bruchi au loketi ya namna hii huwa na mojawapo ya hizi:

*Dagerotaipu.* Bamba la shaba nyekundu lililopakwa fedha, mbinu iliyotangazwa Paris mwaka 1839. Inamulika: ukiinamisha, sura hugeuka kutoka picha ya kawaida kuwa kama negativu, kisha hurudi. Huu ndio utambulisho wake. Sura yenyewe ni vumbi la fedha tu lililokaa juu ya bamba, na kidole kimoja kinatosha kuifuta.

*Ambrotaipu.* Picha juu ya kioo, nyuma yake pamewekwa weusi. Hati miliki ya Marekani ni ya 1854. Sehemu nyeupe huonekana za krimu au kijivu. Weusi wa nyuma ukibanduka, sura hupata mabaka yanayopitisha mwanga, na watu hudhani picha imeoza kumbe bado nzima.

*Tintaipu, au picha ya bati.* Bamba la chuma jembamba, chini ya nusu milimita, lililopakwa vanishi nyeusi. Hamilton Smith wa Ohio aliipatia hati miliki mwaka 1856, na askari wa 1861 hadi 1865 waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi, haivunjiki na hupita posta. Zile ndogo kabisa, kama milimita 19 kwa 25, zilitoshea kwenye mapambo moja kwa moja.

*Karatasi ya albumini.* Rangi ya kahawia au zambarau iliyofifia, weupe umegeuka manjano. Chini ya lenzi utaona nyuzi za karatasi na mipasuko midogo mno. Mara nyingi imekatwa kutoka kwenye picha ya kadi.

*Karatasi ya jelatini.* Ndiyo ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Nyeusi na nyeupe, au kahawia iliyopakwa makusudi. Kwenye kingo nyeusi mara nyingi hutokea mng'ao wa kibuluu kama wa metali. Hiyo ni dalili njema ya umri, usijaribu kuiondoa.

*Kifungo cha seluloidi.* Picha ya karatasi iliyofunikwa plastiki ya kale juu ya bati la mviringo. Kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, ilipata hati miliki ya vifungo hivi mwaka 1896.

Kupima tintaipu, ning'iniza sumaku kwa uzi na uisogeze taratibu upande wa kioo, bila kugusa. Ikivutwa, huenda ni bamba la chuma. Sema "huenda" kwa sababu pini ya nyuma nayo ni ya chuma mara nyingi. Jaribu sehemu ya picha iliyo mbali na pini, kisha linganisha na nyuma. Anayegandisha sumaku moja kwa moja juu ya picha isiyo na kioo huinuka nayo pamoja na vanishi.

Hatua ya 3: Kagua pambo lenyewe

Geuza uangalie pini. Bruchi za karne ya 19 kwa kawaida zina ndoano wazi yenye umbo la C, bila kufuli, na ncha ya pini mara nyingi hupita ukingo wa bruchi. Kufuli la usalama linalozunguka ni la mwanzo wa karne ya 20 kuendelea. Ukiona kufuli hilo kwenye bruchi inayodaiwa kuwa ya 1863, angalia doa la kijivu la risasi ya kulehemu pembeni yake: pini huenda ilibadilishwa baadaye, na hilo pekee halimfanyi muuzaji kuwa mwongo.

Tafuta alama. Kwenye fedha ya Uingereza, simba anayetembea ni fedha halali, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi iliyo pembeni hutaja mwaka. Kwenye vitu vya Marekani, "1/20 12K G.F." maana yake ni kwamba sehemu moja kati ya 20 ya uzito ni dhahabu ya karati 12 iliyobandikwa juu ya metali nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili metali nyingi za kawaida zilielekezwa jeshini, ndiyo maana mapambo ya bei nafuu ya Marekani ya miaka hiyo hukutwa yamegongwa "STERLING".

Nyenzo nyeusi zina tabia zake. Kioo cheusi ni baridi na kizito. Makaa ya jeti (mti wa kale uliogeuka jiwe jeusi) ya Whitby, Uingereza, ni mepesi na hupata joto haraka mkononi. Mpira uliofanywa mgumu kwa kupikwa na salfa hupauka kuwa kahawia ukikaa juani. Utasoma mahali ushauri wa kuchoma kwa sindano ya moto au kutumbukiza maji ya moto ili kupima. Usifanye. Maji ya moto huupausha rangi mpira huo, na sindano ya moto kwenye seluloidi huwasha moto halisi.

Hatua ya 4: Soma sare

Hapa ndipo wanaoanza hupotea zaidi, kwa hiyo twende polepole.

Dagerotaipu, ambrotaipu na tintaipu hupigwa moja kwa moja juu ya bamba, hakuna negativu katikati. Sura hutoka imepinduka, kulia kumekuwa kushoto. Kwenye bamba la mkanda lililoandikwa US utaona S iliyogeuzwa ikiwa kabla ya U, yaani upande wa kushoto wa macho yako. Koti la mwanamume, ambalo upande wa kushoto hulalia ule wa kulia, litaonekana limefungwa kikike. Kijisanduku cha fataki za bunduki kilichovaliwa mbele kulia kitakuwa kushoto. Wapo askari waliohamisha bunduki au upanga upande wa pili mbele ya kamera ili picha itoke sawa, kwa hiyo amini vifungo vya koti kuliko silaha.

Picha ya bati yenye maandishi yanayosomeka sawasawa si lazima iwe ya uongo. Huenda ni nakala ya zamani iliyopigwa kutoka picha nyingine ya bati, na kupinduka mara mbili kumeirudisha sawa. Nakala hizo huwa na ukungu kidogo na wakati mwingine zina kivuli cha ukingo wa picha ya kwanza.

Kwenye simu, tengeneza nakala na uipindue, kisha soma alama. Faili asilia usiliguse.

Sasa rangi. Kemikali za wakati ule ziliiona buluu kuwa nyepesi, na njano na nyekundu kuwa nzito. Suruali ya buluu hafifu ya jeshi la Muungano (upande wa Kaskazini) hutoka kijivu cheupe, na kila siku kuna mtu anayetangaza "askari wa Kusini" kwa sababu ya kijivu hicho. Upande wa askari usiuamue kwa rangi. Angalia vifungo: tai ni wa jeshi la Muungano, na vya maofisa vina ngao yenye I ya askari wa miguu, C ya wapanda farasi au A ya mizinga. Upande wa Kusini utaona CS, CSA au nembo za majimbo. Mashavu ya pinki na nukta za dhahabu kwenye vifungo vilipakwa kwa mkono na mpiga picha. Hiyo rangi iko juu kabisa na hubanduka kwa pumzi ya kinywa chenye unyevu.

Kwa vitu vya Uingereza, tazama taji. Taji la Tudor, lenye matao ya mviringo, ni la 1901 hadi 1952, na limerudi tangu 2022 chini ya Mfalme Charles wa Tatu. Taji lililobonyea katikati ni la enzi ya Malkia Elizabeth wa Pili. Bruchi yenye mabawa ya RAF (jeshi la anga la Uingereza) haiwezi kuwa ya kabla ya 1 Aprili 1918, siku jeshi hilo lilipoundwa. Kwa Marekani, kibendera chenye nyota ya buluu juu ya nyeupe na ukingo mwekundu kilianza 1917: kila nyota ni mwanafamilia aliye vitani, na nyota ya dhahabu ni aliyekufa.

Hatua ya 5: Tafuta dalili za ndoa ya juzi

Zima taa, washa tochi ya urujuanimno. Karatasi inayong'aa buluu-nyeupe kali ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika kwenye karatasi za picha miaka ya 1950. Askari wa 1863 au 1917 aliye juu ya karatasi hiyo ni nakala. Gundi za kisasa nazo huwaka, hasa kwenye mzingo wa kioo. Tahadhari: sabuni ya kufulia hung'aa vilevile, kwa hiyo uzi mmoja wa kitambaa usikutishe.

Kisha lenzi. Nukta zilizopangwa kwa safu ni uchapishaji wa kitabu au gazeti. Madoa madogo ya rangi mbalimbali ni printa. Halafu linganisha uchafu: kutu ya bati inapaswa kuacha alama kwenye karatasi iliyo nyuma yake, na jua linapaswa kufifisha picha kwa kufuata umbo la fremu. Picha iliyofifia kwa mviringo ndani ya fremu ya mraba ilitoka nyumba nyingine.

Hatua ya 6: Amua kama ufungue

Jibu la kawaida ni usifungue. Fungua kama picha inalegea na kugonga, kama kioo kinatoa majimaji, au kama kuna maandishi nyuma unayoyahitaji kweli. Dagerotaipu na ambrotaipu usifungue mwenyewe kwa hali yoyote; mpelekee mhifadhi wa picha.

Kwa loketi ya kawaida:

1. Fungua kwa ukucha kwenye upenyo ulio mkabala na bawaba. Kisu hutoboa, na dhahabu ya kubandika ni nyembamba mno.
2. Ndani kuna kipete chembamba kinachoshikilia kifuniko na picha. Kisukume kwa kijiti cha meno kutoka upande wa bawaba, robo milimita hapa, robo pale, ukizunguka.
3. Kipete kikitoka, pindua loketi juu ya kiganja chenye glavu na uache vitu vianguke vyenyewe.
4. Vipange kwenye sinia kwa mpangilio uliotoka. Kifuniko cha plastiki ya kale ni tofauti na kioo: kikunje kidogo tu kitavunjika.

Bruchi yenye mlango wa nyuma hufunguka kwa njia hiyo hiyo. Ile ambayo ukingo wake wa metali umekunjwa juu ya kioo iache; kuukunjua na kuukunja tena ni kuupasua.

Angalia nyuma ya picha ya karatasi. Kipande cha kadi chenye stempu ya ushuru ni bahati, hukupa tarehe: ushuru wa picha Marekani ulidumu kuanzia 1 Septemba 1864 hadi 1 Agosti 1866.

Hatua ya 7: Safisha kidogo

Vumbi la nje: pampu kwanza, brashi baadaye. Kioo cha juu, kikiwa kimetoka kabisa kwenye pambo, kioshe kwa maji yaliyokenekwa na tone la sabuni laini isiyo na manukato, kisuuze mara mbili, kikauke masaa mengi kabla hakijarudi.

Hakikisha ni kioo cha juu. Ambrotaipu yenyewe ni kioo, na zipo zilizooshwa kwenye sinki na watu waliodhani wanaosha kifuniko. Inua dhidi ya mwanga: ukiona hata kivuli cha sura, rudisha chini.

Picha yenyewe ni pampu tu. Bila maji, bila brashi, bila kitambaa.

Metali ipanguse kwa kitambaa kikavu. Weusi ulio kwenye michoro ya fedha uache, ndio unaoonyesha nakshi. Ndimu, ukwaju, majivu na dawa ya meno vifae sufuria za jikoni. Mashine ya mtetemo wa maji ni marufuku, na mioyo ya plastiki angavu iliyochongwa na askari kutoka vioo vya ndege kwenye Vita Kuu ya Pili isiguswe na spiriti, hupasuka nyufa papo hapo.

Hatua ya 8: Hifadhi

Kila pambo lifungwe peke yake kwa karatasi isiyo na asidi, ndani ya kisanduku cha kadibodi nzuri au mfuko wa polithini. Mifuko laini ya PVC, sponji, raba na masanduku ya mbao ya mwaloni hutoa mvuke unaokula metali.

Unyevu uwe kati ya asilimia 35 na 50. Ukiwa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, hewa ya chumba kisicho na kiyoyozi ni zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Tumia kopo lisilopitisha hewa, weka vifuko vya silika kwa kadiri ya gramu 20 kwa kila lita ya ujazo, pamoja na kipima unyevu kidogo. Vifuko vikilowa, vikaushe au vibadilishe.

Seluloidi haimo kwenye kanuni hiyo. Inapooza hutoa mvuke wa asidi, na ukiufungia humo humo unaiharakisha na kuwachafua majirani zake. Iweke mbali na vingine, mahali pa baridi penye hewa na mbali na moto.

Matatizo yanayojitokeza

*Matone kama jasho chini ya kioo.* Kioo cha kale kimeanza kuoza, chumvi zake zinatoka na kunyonya unyevu. Matone yakidondokea picha huila. Kitoe na kukiosha kama hatua ya 7. Yakirudi, mwombe fundi akukatie kioo kipya cha unene ule ule, na kile cha zamani ukihifadhi kwenye bahasha yenye maelezo.

*Vipovu au magamba kwenye tintaipu.* Kutu iko chini ya vanishi. Usibonyeze wala usikwangue. Shusha unyevu na uiweke bapa, sura juu.

*Dagerotaipu ina pete za buluu na kahawia ukingoni.* Ni weusi wa fedha, hewa imeingia. Haidhuru picha haraka. Dawa yoyote ya fedha ya kioevu itaimaliza.

*Ute wa kijani kwenye bawaba.* Ni kutu ya shaba. Toa kwa ncha ya kijiti kikavu. Ukiwa umeshika na kwenye seluloidi, chanzo ni seluloidi hiyo, vitenganishe.

*Picha ya karatasi imeganda kwenye kioo.* Iache ilivyo. Kuivuta hubandua sura, na kulowesha ni kamari. Piga picha kupitia kioo na uishie hapo.

*Sura haisomeki kwa sababu ya mng'ao wa mwanga.* Simamisha karatasi nyeusi yenye tundu la lenzi mbele ya simu, mwanga utoke pembeni kwa nyuzi kama 45. Tintaipu bapa iliyotoka kwenye pambo yaweza kuskaniwa kwa nukta 2400 kwa inchi. Kwa picha ya sentimita 2 utapata pikseli karibu 1,900, zinazotosha kusoma kifungo. Inue kidogo kwa fremu ya karatasi ili isiguse kioo cha skana.

*Pini imelegea.* Sasa ndiyo zamu ya sonara, lakini picha na kioo vibaki nyumbani. Kama havitoki, mwambie asitumie moto, na uvae bruchi kwa uzi mwembamba ulioshonwa kwenye nguo.